Tathmini ya jiliwa la inchi 5 kwa karakana ya nyumbani

Jiliwa, au vaisi kama wanavyoliita wauzaji, yaani kifaa cha mezani cha kubania vyuma, ninalolitathmini hapa ni lile la inchi 5 la rangi ya buluu, lenye kitako cha kuzunguka na fuawe ndogo mgongoni, ambalo limejaa katika maduka ya zana ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam. Huuzwa kwa majina mbalimbali yaliyobandikwa ubavuni, lakini ukiyapanga matatu juu ya kaunta utaona kwamba kovu lililoachwa na kalibu ya kumiminia chuma liko mahali palepale katika yote, kwa hiyo jina la kwenye kibandiko halisaidii sana katika kuchagua. Nimelifunga kwenye meza ya karakana yangu, yaani ile sehemu ya banda la gari ambayo gari haliifikii, na nimelitumia kwa kazi ambazo mtu wa nyumbani huzifanya kweli: kukata nondo na mabomba, kunyoosha bawaba za geti, kupiga tupa vipuri vya pampu ya maji, na kushikilia vyuma vinavyotobolewa kwa keekee.

Inchi 5 ni kipimo cha upana wa taya, na mwanya wa taya zikiwa wazi kabisa nao unakaribia hapohapo. Kipimo ambacho hakiandikwi kwenye boksi, na ambacho kwangu ndicho cha kwanza kuulizwa, ni uzito. Hili nililipima kwenye mizani ya muuza misumari wa duka hilohilo likafikia kilo 9, ilhali majiliwa ya zamani ya upana huohuo, yale yaliyofungwa katika vyuo vya ufundi miaka mingi iliyopita, yanaweza kuwa mazito mara mbili. Tofauti hiyo imetoka mahali: kuta za mwili zimekonda, shingo ya taya imekonda, na fuawe ya mgongoni ni mapambo tu.

Muuzaji mwema atakuruhusu ulijaribu kabla ya kulipa, na majaribio yenyewe hayachukui muda. Fungua taya hadi nusu, ulishike lile linalosogea, kisha ulitikise juu na chini, kushoto na kulia. Mchezo kidogo hauepukiki, lakini katika majiliwa haya nimekuta mengine yanayoyumba kiasi kwamba taya hupanda juu pale linapobana, na chuma kilichobanwa hupanda nalo. Baada ya hapo kata vipande viwili vya karatasi, weka kimoja kila pembe ya taya, funga kwa mkono mwepesi na uvivute. Katika langu kipande cha kushoto kilitoka bila ubishi huku cha kulia kikichanika, maana yake mataya hayakuwa sambamba. Kasoro hiyo inarekebishika: nilifungua kibao cha taya, kile cha chuma chenye meno kinachogusa kitu kinachobanwa, nikaweka nyuma yake ukanda mwembamba wa bati uliokatwa kwenye kopo la rangi, na karatasi zote mbili zikashikwa. Jambo la mwisho la kuangalia dukani ni parafujo, ile skrubu ndefu inayolisogeza taya. Ukiuzungusha wenzo, yaani mpini wa parafujo, kwa nyuma, taya linapaswa kurudi mara moja. Likikaa kimya hadi nusu mzunguko ndipo lianze kutembea, basi pete ya washa au springi ya shingoni haipo, au pini inayoshikilia imechomekwa ovyo.

Wanaonunua hukosea zaidi katika kukadiria nguvu. Parafujo ya jiliwa hili huenda takriban milimita 4 kwa mzunguko mmoja, na wenzo wake una urefu wa milimita 200 hivi kutoka katikati hadi ncha. Mkono unaosukuma ncha hiyo kwa nguvu ya kilo 15 husafiri zaidi ya milimita 1,250 ili taya lisogee hizo 4, kwa hiyo nguvu huzidishwa zaidi ya mara 300. Hata msuguano wa hesi, yaani meno ya parafujo, ukila robo tatu yake, taya bado linabana kwa zaidi ya tani 1. Mtu anayechomeka kipande cha bomba kwenye wenzo ili akaze zaidi anaizidisha tani hiyo mara mbili au tatu, na mwili wenyewe umeundwa kwa chuma cha kumimina cha kijivu, ambacho kaboni yake imekaa ndani katika umbo la vipande bapa vya grafaiti. Chuma cha namna hiyo hustahimili kugandamizwa, lakini kikivutwa hukatika ghafla bila kupinda, kama kigae. Majiliwa ambayo boksi lake limeandikwa PSI 60,000 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha nguvu ya kuvuta ambayo chuma hustahimili) kwa kawaida ni ya chuma ambacho grafaiti yake imefanywa vidonge vya duara, na hayo huvumilia zaidi. Yenye PSI 30,000, au yasiyoandikwa chochote, yachukuliwe kuwa ya kijivu. La kwangu halikuandikwa chochote.

Kitako cha kuzunguka ndicho sehemu ninayoilalamikia zaidi. Dukani kinavutia, kwa sababu muuzaji hukizungusha mbele yako na mkono wenyewe unatamani kujaribu, lakini kinashikwa na boliti mbili ndogo zinazobana pembezoni, na ukikata chuma kwa msumeno huku ukiegemea upande mmoja jiliwa zima huanza kugeuka taratibu. Ukizikaza mno, masikio ya kitako ndiyo yanayotangulia kuvunjika. Mwenye nafasi ya kuchagua achukue lenye kitako kisichozunguka, lenye matundu manne. Atapoteza starehe ambayo kwa kazi za nyumbani haihitajiki mara nyingi, na atapata ushikaji usioteleza. Mimi nimelifunga langu likitazama mbele moja kwa moja na sijaona sababu ya kuligeuza tena.

Vibao vya taya vinaondolewa kwa spana ya aleni, na hilo ni jambo jema. Ubaya ni kwamba havikukomazwa (kufanywa vigumu kwa moto) ipasavyo. Tupa ikipitishwa kwenye pembe ya kibao kilichokomazwa huteleza na kulia; hapa iliuma na kuacha mng'ao. Meno yake yatalika mapema kwa anayebana nondo kila siku, ingawa kwa matumizi ya mwisho wa juma yatadumu. Kwa shaba, alumini na vitu vyenye hesi tengeneza vifuniko viwili kwa pembe ya alumini ya milimita 3 na uvivishe juu ya mataya, la sivyo kila utakachokishika kitatoka na alama. Chini ya mataya makuu kuna mataya madogo yaliyopinda kwa ajili ya bomba, na nakiri yanafanya kazi kuliko nilivyotarajia: bomba la maji la nusu inchi na la robo tatu hukaa imara vya kutosha kukatwa na kusafishwa mdomo. Kuchonga hesi ya bomba kwa mkono ni habari nyingine, kwa kuwa mzunguko wake huligeuza bomba ndani ya mataya hayo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ubora unaouona mtu anapofanya kazi hutoka kwenye meza. Jiliwa likifungwa kwa skrubu za mbao juu ya ubao wa inchi 1, hata lingekuwa la bei mara tano ya hili, litacheza. Meza yangu ina fremu ya pembe za chuma za milimita 50 na ubao wa mninga wa unene wa milimita 50, na miguu ya nyuma imefungwa ukutani. Tumia boliti za milimita 12 zinazopita ubao hadi chini, na huko chini usiridhike na washa ndogo; weka kipande cha bamba la chuma kinachoziunganisha boliti mbili mbili, kisha kaza kwa spana namba 19. Jiliwa likae juu ya mguu wa meza au karibu nao kadiri iwezekanavyo, na taya lisilosogea litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza ili bomba refu liweze kushuka wima hadi sakafuni bila kugonga ubao. Kuhusu kimo, kanuni ya mafundi wa zamani ingali inafaa: simama wima, kunja mkono ngumi iguse kidevu, na kiwiko kiguse juu ya taya la jiliwa. Meza nyingi za kununuliwa ziko chini ya hapo, na mgongo ndio unaolipa. Pale ambapo gari na meza vinalala banda moja, pima kwanza mlango wa gari ukiwa wazi, na zoea kuuacha wenzo ukiwa umesimama wima, kwa sababu wenzo uliolala hugonga nyonga ya kila apitaye gizani.

Kwa sisi wa mwambao, utunzaji ni suala la kutu. Rangi ya jiliwa hili ni nyembamba na hubanduka kwenye fuawe na pembezoni mwa mataya, na hapo chumvi ya hewa huanza kazi usiku uleule. Mara kwa mara lifungue lote, uvute taya linalosogea hadi litoke, uisafishe parafujo kwa brashi na mafuta ya taa, kisha uipake grisi kidogo kwenye hesi na ndani ya nati. Reli ya kutelezea isipakwe grisi, bali mafuta mepesi yaliyopanguswa kwa kitambaa, kwa kuwa unga wa chuma ukichanganyika na grisi unakuwa msasa unaoila reli kila unapofungua na kufunga. Wanaochomelea kwa umeme wabane klampu ya ardhi kwenye chuma chenyewe kinachochomelewa. Ikibanwa kwenye mwili wa jiliwa, mkondo hupita katika parafujo na kuacha vidoa vya kuungua kwenye hesi.

Je, linunuliwe? Kwa tupa, msumeno, keekee na kazi ndogo za bomba, ndiyo, mradi mnunuzi awe tayari kusawazisha vibao na kulifunga vizuri. Kwa anayenyoosha vyuma kwa nyundo nzito au anayepinda nondo za milimita 16, hapana. Huyo aende kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, au Gikomba na Kamukunji kwa walio Nairobi, atafute jiliwa kuukuu la kilo 15 na kuendelea, aligonge kwa spana na kusikiliza: zima hulia kwa sauti iliyo wazi, lenye ufa hutoa mlio mfupi uliozibika. Aangalie pia shingoni kama kuna mstari wa manjano, kwa sababu huo ni ushahidi wa kuungwa kwa shaba baada ya kuvunjika. Anayechukua jipya naye asiondoke dukani kabla ya kupima umbali kati ya matundu mawili ya kibao cha taya na kuulizia vibao vya akiba. Nilipouliza, maduka yote niliyoyapitia yalikuwa na majiliwa rafuni na hapakuwa na hata moja lililouza kibao peke yake.