Kiraka cha bega: nyota tano. Hospitali: ngoja kwanza

Nimewekewa kiraka cha kolajeni, protini inayotolewa kwa wanyama, juu ya kano la bega la kulia, lililochanika nusu kwa kubeba maboksi ghalani hapa Minneapolis, na hasira bado hazijanishuka. Kiraka hakina kosa. Nina neno na yule nesi wa maandalizi.

Nilimuuliza kitu kimoja: kinatokana na mnyama gani? Macho hakuyatoa kwenye kompyuta. "Kimesafishwa, usijali," huku ananisukumia fomu nitie saini. Nikarudia: ng'ombe au nguruwe? Akashusha pumzi, akamtazama mwenzake, wakachekeana. Jamani! Muislamu, mtu mzima, nimeshavishwa gauni lenu la kufungwa kwa nyuma, mgongo wote nje, halafu mnanicheka?

Tena dini tuiweke kando. Viraka vya utumbo wa nguruwe vilishajaribiwa kwenye mabega ya watu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 ulikuta kati ya 15 waliowekewa, kano lilishika kwa 4 tu. Kati ya 15 walioshonwa bila kiraka, lilishika kwa 9. Kwa hiyo "mnyama gani" ni swali la kitabibu, dada, si ushamba.

Aliyenijibu ni daktari mwenyewe, dakika za mwisho kabla ya dawa ya usingizi. Kano la kisigino cha ng'ombe, akasema, akanionyesha picha kwenye simu: kijikaratasi cheupe, kama stempu ya barua. Hakibebi uzito. Kinalazwa juu ya kano, seli zinaingia humo na kujenga kano jipya, chenyewe kinayeyuka ndani ya miezi kama sita. Kumbe ni maneno ya dakika mbili! Nikatia saini.

Na bega, linaniudhi kusema, limepona. Juzi nimetundika mapazia mwenyewe. Mazoezi ya fizio yalinitoa machozi, hayo kiraka hakikuyapunguza, na pengine kano lingejiponea hata bila hicho kiraka. Lakini picha ya MRI inaonyesha limenenepa palepale palipokuwa pamebaki uzi.

Hospitali nilipanga kuipa sifuri, nikaipandisha hadi tatu kwa ajili ya daktari. Halafu jana wakajibu barua yangu ya malalamiko: wamenitumia dodoso la kupima kuridhika kwangu. Basi moja, na hiyo moja ni ya daktari.