Piki ya dole gumba kwenye stili ya pedali: uzoefu wangu

Kama umetokea kwenye gitaa la vidole viwili, dole gumba na shahada, na sasa umeshikwa na hamu ya stili ya pedali, ala ya nyuzi inayolazwa mbele ya mpigaji aliyeketi, basi ukishapata chombo chenyewe, pesa yako inayofuata iende kwenye piki ya dole gumba, yaani kidude cha kudonolea nyuzi kinachovaliwa kidoleni, inayokukaa sawasawa. Amplifaya ingoje, nyuzi za bei kubwa zingoje. Mimi niko Louisville, Kentucky, napiga stili sebuleni karibu kila jioni, na katika vyote nilivyonunua hakuna kilichobadilisha sauti yangu kama hicho kipande cha plastiki cha bei ya soda.

Chombo changu ni cha mwanafunzi, nilikinunua kikiwa kimeshatumika: nyuzi 10 za E9 (jina la mpangilio wa sauti za nyuzi), pedali tatu, nyenzo nne za magoti. Mkono wa kushoto unashika chuma kinachoteleza juu ya nyuzi, mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazopandisha sauti, magoti yanasukuma nyenzo, na mguu wa kulia unasimamia pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Mkono wa kulia unabaki na kazi ya kudonoa tu. Ndipo piki zinapoingia: ya plastiki kwenye dole gumba, na mbili za chuma kwenye shahada na kidole cha kati.

Nilikotoka, magharibi ya Kenya, gitaa nililofundishwa ni la omutibo, mtindo wa wapiga gitaa kina George Mukabi, na wazee walionifundisha walimsikiliza sana mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Huko dole gumba ndiyo besi. Linatembea lenyewe chini, shahada inaimba juu, na mtu mmoja anasikika kama wawili. Nilipofika huku nikakuta kaunti ya Muhlenberg, kusini-magharibi ya mji huu, ina sifa ya jambo hilohilo. Mpiga gitaa Merle Travis alizaliwa kule mwaka 1917, naye alipiga kwa dole gumba na shahada, ila dole gumba alilivika piki. Kabla yake eneo lile lilikuwa na Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi aliyefariki 1931, ambaye wapigaji kadhaa wa pale walijifunza kwake. Mimi sikuhitaji kushawishiwa zaidi ya hapo. Tena Paul Bigsby, fundi aliyemtengenezea Travis gitaa lake la umeme, ndiye pia aliyetengeneza stili za pedali za mwanzomwanzo, ikiwemo ya mpigaji Speedy West na ile ya mwenzake Bud Isaacs iliyosikika kwenye wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce uliovuma mwaka 1954. Watu waliposikia uzi mmoja ukipanda huku mwenzake ukilia palepale ulipo, wapigaji wengi walianza kufunga pedali kwenye stili zao.

Sasa kuhusu piki yenyewe. Vidole vitupu vinatoa sauti tamu, laini, na wapo wanaopiga hivyo. Lakini kwenye stili dole gumba tupu linazidiwa. Linagusa uzi kwa nyama ya ubavuni, uzi unaanza kulia kwa kuchelewa, na ukidonoa nyuzi tatu kwa pamoja, tuseme ya 4, ya 5 na ya 6, ule wa dole gumba unajificha nyuma ya wenzake. Ukivaa piki, sauti tatu zinafika pamoja. Tofauti hii utaisikia hata kabla ya kuwasha amplifaya.

Kuivaa ndiko kwenye kazi. Piki ya saizi ya kati ilinibana hadi ncha ya kidole ikabadilika rangi, na kubwa ikawa inazunguka kila nikipiga uzi mnene. Dawa yake ni maji moto. Chemsha maji, yatoe jikoni, itumbukize piki kwa kijiko kwa muda mfupi hadi ilegee, kisha ifunge kwenye kitu chenye unene wa dole gumba lako na uishike hivyo mpaka ipoe. Mimi natumia mpini wa mwiko. Usiisogeze kabisa karibu na moto, maana piki nyingi ni za seluloidi, na seluloidi inashika moto haraka sana. Ikishakaa, angalia ulimi wake, ile sehemu iliyochomoza inayopiga uzi. Mara nyingi unatoka dukani mrefu mno kwa stili, kwa sababu hapa kiganja kinalala karibu na nyuzi, hakuna nafasi ya ulimi kuzama. Nimeupunguza kwa tupa ya kucha na kuukata kwa mshazari ili upande unaokutana na uzi ulale sambamba nao. Kisha nikasugua ukingo kwa msasa laini, maana ukingo ulioachwa mkwaruzo unatoa kelele kwenye nyuzi nene zenye kuzungushiwa waya.

Piki za chuma za vidole vingine zinauzwa kwa unene. Mimi nimetulia na za inchi 0.0225, zilizo nyembamba zaidi zilikuwa zinafunguka katikati ya wimbo. Zikunje zifuate umbo la ncha ya kidole, zisisimame mbele kama kucha ndefu.

Jambo ambalo matangazo ya piki hayalisemi ni kwamba kwenye stili, kuuzima uzi ni kazi kubwa kama kuupiga. Uzi wa stili unalia muda mrefu, na usipouzima, kila noti inaikanyaga inayofuata. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ubavu wa kiganja, ule ulio chini ya kidole cha mwisho: unashuka kwenye nyuzi kufumba na kufumbua, kisha unanyanyuka pamoja na pigo linalofuata. Ya pili ni piki yenyewe kurudi kwenye uzi uliotoka kuupiga na kuuzima. Hapo plastiki inaishinda chuma waziwazi. Piki ya chuma ikigusa uzi unaolia inatoa mlio mkali mfupi. Ya plastiki inatua kimya. Kwa hiyo mistari ya noti mojamoja naigawa kati ya dole gumba na kidole cha kati, na dole gumba linapata kazi nyingi zaidi.

Je, unaweza kupiga besi ya kupokezana, ile ya Travis au ya omutibo, juu ya E9? Unaweza, ila si palepale ulipozoea. Bila pedali, dole gumba linapokezana uzi wa 8 na wa 10. Ukikanyaga kwa pamoja pedali zinazoitwa A na B, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inahama, tuseme kutoka G kwenda C kwenye freti ya 3, yaani mstari wa tatu wa alama chini ya nyuzi, bila chuma kusogea. Hapo besi yako nayo inahamia uzi wa 6 na wa 8. Dole gumba likibaki kwenye 8 na 10, kodi ni sahihi lakini mzizi, yaani noti inayoipa kodi jina lake, haumo kwenye besi, na sikio linalalamika. Huo mruko wa uzi mmoja ndio uliohitaji mazoezi kuliko yote. Jihadhari pia na juu: uzi wa 1 na wa 2 sauti zao ziko chini ya ule wa 3, kwa hiyo mkono uliozoea gitaa la kawaida unadonoa noti usiyoikusudia.

Kwa nyimbo za mwendo wa pole mtindo huu unapendeza sana. Kwa za kasi, besi inachafuka, kwa sababu kiganja kinatakiwa kufifisha nyuzi za chini na papo hapo kuzima za juu, na kiganja ni kimoja. Utamu mkubwa nimeupata kwingine. Chukua uzi wa 5 na wa 6, piga, kanyaga A na B: sauti mbili zinapanda pamoja, zikiongozana kama zile za gitaa la Kongo. Dole gumba kwenye 6, shahada kwenye 5, chuma kimetulia. Nikifika hapo, nyumba nzima inanyamaza kusikiliza. Wanigeria waliligundua mapema kuwa chombo hiki kina nafasi kwetu Afrika: bendi ya mwanamuziki King Sunny Adé ilikuwa na stili ya pedali mikononi mwa Demola Adepoju.

Kasoro za piki zipo. Jasho linailegeza, hivyo nafuta kidole kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvaa. Ncha inaliwa taratibu, na ikishaliwa, sauti inabadilika bila wewe kujua sababu. Ukipata inayokukaa, nunua nyingine kadhaa za aina ileile na uzichonge siku hiyohiyo, wakati kipimo bado unakikumbuka. Za bei kubwa zinazodumu zaidi zinaweza kungoja mpaka ujue ulimi wa urefu gani unakufaa. Na ukiwa kwenye kununua, ongeza uzi wa 3 wa akiba, maana ni mwembamba, pedali B inauvuta kila wakati, na ndio unaokatika kwanza.