Trei za silikoni na chakula cha mtoto cha kugandisha: uzoefu wangu hapa Kigoma

Kuanzia Februari 2024 mwanangu alipotimiza miezi sita, hadi Agosti alipofikisha mwaka, karibu kila mlo wake wa mchana ulitoka kwenye friza. Akina mama wengi wameniuliza kama zile trei za silikoni, yaani za mpira laini, zinafaa kugandishia chakula cha mtoto au ni hela ya kutupa. Zinafaa, na ningenunua tena. Ila zina masharti yake, hasa kwa sisi tunaokatiwa umeme, na mengine niliyajua baada ya kumwaga chakula.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Gungu, nafundisha upande wa Ujiji. Likizo ya uzazi ya siku 84 iliisha mtoto bado mchanga, tukahangaika na maziwa ya kukamua mpaka akafika miezi sita, na hapo ndipo kazi nyingine ikaanza. Naondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa kumi jioni. Dada anayenisaidia ni binti mwaminifu na anampenda mtoto, lakini ana kufua, ana kuchota maji yakikatika, na mtoto mwenyewe yuko mgongoni. Alichoweza kupika ni uji. Mchana uji, saa tisa uji. Siku moja nilirudi mapema nikalikuta bakuli mezani: uji mweupe wa sembe, mwepesi hadi unaliona ua lililochorwa chini ya bakuli. Kigoma hii yenye samaki wa migebuka, mawese, maharage na viazi vya kila rangi, mwanangu anashindia maji ya unga! Nililia. Sikumgombeza dada, maana kosa halikuwa lake. Muda ndio haukuwepo, na mwenye kuutafuta ni mimi.

Nilianza na trei ya barafu ya plastiki iliyokuja na friji. Nawaomba msiitumie kwa chakula cha mtoto. Ile trei kutoa kipande lazima uikunje, na ikishaganda plastiki inakuwa kavu kama ganda la yai. Mara ya tatu ilipasuka pembeni, na kijisehemu chenye ncha kikabaki ndani ya boga. Nilikigundua kwa kidole wakati naponda. Nilimwaga boga lote, na kesho yake nikaenda kwenye maduka ya vyombo karibu na soko la Mwanga nikanunua trei mbili za silikoni zenye mifuniko, shilingi 9,000 kila moja. Kila trei ina vishimo 12. Nilipima: kishimo kimoja kinaingia vijiko viwili vya chakula, yaani kama mililita 30. Kwa mtoto anayeanza kula hicho ni kipimo kizuri sana, kwa sababu mwanzoni vijiko viwili au vitatu kwa mlo vinamtosha. Ukigandisha bakuli zima utalazimika kuliyeyusha lote, na kinachobaki hakirudi kwenye friza.

Uzuri wake mkubwa ni kutoa. Unageuza trei, unasukuma kwa dole gumba kutoka chini, kipande kinaruka kizima. Ubaya wake ni ulegevu: ukiijaza mkononi inajikunja na chakula kinamwagika. Iweke kwanza juu ya sinia ndipo ujaze, kisha ingiza sinia na trei pamoja kwenye friza. Na usijaze mpaka ukingoni, kwa sababu chakula kikiganda kinaumuka kidogo na mfuniko utanyanyuka.

Kuhusu friza lenyewe. Ile sehemu ya juu ya friji langu dogo ilinidanganya. Barafu ilikuwepo kuta zote, lakini vipande vya chakula vilibaki laini katikati. Kwa kugandisha vizuri unahitaji ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri, na friji yenye mlango mmoja kwa kawaida haifiki huko. Wifi yangu, nyumba ya pili, anauza barafu na juisi, akanipa kona kwenye friza lake. Kona ile ilikuwa na faida ambayo sikuifikiria: friza la mfanyabiashara wa barafu limejaa wakati wote, na friza lililojaa likifungwa bila kufunguliwa linahifadhi ubaridi kama siku mbili hata umeme ukikatika. Likiwa nusu ni kama siku moja. Mji huu umeishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, kila mtu hapa anajua kukatika kwa umeme ni nini, kwa hiyo hesabu hiyo ya siku mbili na siku moja naomba uishike kabla hujanunua trei yoyote.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Alfajiri naenda mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, ila nachagua usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwa kali samaki hawavutiki na taa za wavuvi na bei inapanda. Nachukua migebuka wawili wa wastani, wabichi kabisa, jicho linang'aa na shavu jekundu. Nawafunga kwenye jani la mgomba, nawapika kwa mvuke bila chumvi. Wakipoa kidogo nakaa chini na bakuli mbili, na hapo hakuna haraka. Nafungua nyama kidogo kidogo katikati ya vidole, naipapasa, natoa mwiba mmoja mmoja, kisha narudia bakuli lote mara ya pili. Mzunguko wa pili haujawahi kutoka bure. Kila mara nilikuta miba mitatu, minne, myembamba kama unywele wa mzee. Usiiamini blenda katika hili. Blenda haiondoi mwiba, inaukata tu vipande usivyoviona. Nikimaliza nasaga na vijiko vichache vya yale maji ya samaki, napitisha kwenye chujio, ndipo najaza trei.

Samaki wakiwa wanapoa, jikoni tayari kuna viazi lishe vile vya rangi ya machungwa, maharage yaliyolowekwa tangu jana na kupikwa mpaka yamelainika kabisa, mchicha, na mara moja moja maini. Kila kitu nakigandisha peke yake. Kwa njia hiyo dada alichanganya kila siku mlo mpya: samaki kimoja, kiazi viwili, mchicha kimoja. Kesho maharage badala ya samaki. Sufuria ya moto haiingii kwenye friza. Naiweka kwenye beseni la maji baridi, nakoroga mpaka joto liishe, na nahakikisha chakula kimeingia friza kabla saa mbili hazijapita tangu kiive. Kesho yake vipande vinatoka kwenye trei, vinaingia mifuko ya zipu, natoa hewa yote, nabandika selotepu ya karatasi yenye jina na tarehe. Samaki na maini nilivipa mwezi mmoja, visizidi miwili. Mboga na maharage miezi mitatu.

Mawese sikuyagandisha. Kijiko cha chai cha mawese kinaongezwa chakula kikiwa motoni, na kinampa mtoto vitamini A. Nilijaribu mara moja kuyachanganya kabla ya kugandisha, trei ikageuka rangi ya kutu na haikurudi tena. Silikoni pia inashika harufu. Trei ya samaki ilinuka samaki hata baada ya sabuni. Nilipoichemsha dakika kumi kwenye maji yenye ndimu ilipungua, haikuisha. Kwa hiyo nunua mbili tangu mwanzo, moja iwe ya samaki daima.

Mama mkwe alipokuja kutoka Kasulu hakulipenda jambo hili hata kidogo. Alinikuta natoa mfuko kwenye friza, akauliza kimepikwa lini. Nikamwambia wiki iliyopita.

"Mwanangu, hicho ni kiporo. Mtoto wa meno mawili hapewi kiporo."

Yuko sahihi kuhusu kiporo, na nilimwambia hivyo. Chakula kilicholala kwenye sufuria jikoni kinaharibika, na kiporo cha namna hiyo nami simpi. Nikamwomba akae aone. Vipande vinatolewa friza jioni, vinalala ndani ya friji kwenye bakuli lenye mfuniko, havilali mezani. Mchana vinaingia kasufuria kadogo na maji kidogo, vinapashwa mpaka vinatokota kabisa na mvuke unapanda, vinakorogwa ili pasibaki ubaridi katikati, kisha vinapozwa. Mtoto akibakiza, kinachobaki kinamwagwa, kwa sababu kijiko kimeshatoka mdomoni kikarudi bakulini. Hakipashwi mara ya pili, wala hakikai kwenye hotpot mpaka saa tisa. Mama aliangalia yote hayo, akaonja kijiko kimoja cha mgebuka na kiazi, akasema, "Kina ladha ya samaki wa leo." Tangu siku hiyo akawa ndiye anayemkumbusha dada kukoroga.

Hasara kubwa niliipata Aprili. Tulipata msiba Kasulu, tukaenda wote, na wifi pia. Kabla ya kuondoka aliuza barafu yote, friza likabaki tupu isipokuwa mifuko yangu. Bahati nzuri nilikuwa nimefanya kitu kimoja nilichofundishwa na mwalimu mwenzangu: unagandisha kikombe cha maji, juu ya barafu unaweka sarafu, unakiacha humo. Tuliporudi siku ya nne kila kitu kilikuwa kigumu kama jiwe, taa inawaka, mifuko inang'aa. Ungeapa hakuna kilichotokea. Nikachukua kikombe. Ile sarafu ya shilingi 200 ilikuwa chini kabisa, imegandia kwenye kitako. Maana yake barafu yote iliyeyuka, sarafu ikazama, umeme uliporudi maji yakaganda upya juu yake. Chakula nacho kilikuwa kimeyeyuka na kuganda tena. Mifuko 11, kazi ya Jumamosi mbili. Nilivimwaga vyote shimoni nyuma ya nyumba, na iliniuma sana, lakini kile kikombe bado nakishukuru mpaka leo.

Si kila chakula kinakubali baridi. Uji ukiyeyushwa unajitenga, unga huku na maji kule. Viazi mviringo vinakuwa chengachenga. Ndizi mbivu na parachichi vinabadilika rangi, na kwa Kigoma hakuna haja, maana parachichi unaliponda kwa uma papo hapo. Embe nalo linaganda vizuri sana. Dagaa wakavu hawahitaji friza kabisa: chagua wale walioanikwa kwenye chanja, wasio na mchanga wala chumvi, toa vichwa, kaanga bila mafuta, saga, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko.

Jambo moja ninalolijutia ni ulaini. Kwa sababu trei zilikuwa tayari, niliendelea kusaga kila kitu mpaka mtoto akafika miezi tisa. Kliniki muuguzi aliniuliza kama anatafuna, nikakosa jibu. Nilipompa maharage yaliyopondwa tu, alikabwa na kichefuchefu akatema. Ilinichukua karibu mwezi kumzoesha. Ukiona amefika miezi saba au nane, acha blenda, ponda kwa uma, vipande vidogo vibaki, na ugandishe hivyo hivyo. Trei haijali.

Halafu ikaja ile miezi mitatu. Ziwa Tanganyika lilipumzishwa, yaani uvuvi ulisimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na samaki wabichi wakaadimika mwaloni. Wiki ya mwisho kabla ya kufungwa nilinunua migebuka sita, nikatoa miba siku mbili mfululizo hadi ncha za vidole zikachubuka. Vipande 40 na kitu. Vilimfikisha mwanangu katikati ya Julai, na baada ya hapo tukaenda na unga wa dagaa, maharage na maini mpaka mwisho. Kwa miezi ile peke yake, zile shilingi 18,000 za trei zilikuwa zimerudi.

Ziwa lilipofunguliwa alikuwa amefikisha mwaka. Siku ile nilipika mgebuka wa mchuzi wa mawese kwa ajili ya watu wazima, chumvi nikaitia mwishoni baada ya kumtolea wake, nikampa mkononi kipande nilichokipapasa mara mbili. Alikitafuna taratibu, mashavu yamepakaa mafuta mekundu. Trei ya mboga nimempa mwalimu mwenzangu aliyejifungua mwaka jana. Ya samaki nimebaki nayo, bado inanukia Kibirizi.