Gari la zamani linazima njiani? Tazama geji hii kabla hujanunua pampu

Watazamaji wangu, karibuni tena. Kama una gari la zamani lenye L-Jetronic, yaani mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kwenye injini kwa umeme, linakwenda vizuri halafu ghafla linazima, unakaa pembeni ya barabara kidogo, unapiga stata linawaka kama halijawahi kuumwa, tulia hapa. Usinunue pampu ya mafuta leo, wala koili ya kuwashia. Nipe muda nikuonyeshe kitu.

Hii ni geji ya presha ya mafuta. Kuna kiungo cha T cha kuunganisha geji kwenye mpira wa mafuta, kuna vibano, kuna boksi lake. Hayo mnayajua, siyarudii. Kilichonifurahisha mimi ni mpira. Tazameni urefu huu! Geji nyingi zinakuja na mpira mfupi, wa kusomea gari likiwa limesimama na boneti iko wazi. Lakini gari lenye ugonjwa huu ukilisimamisha halionyeshi dalili yoyote. Unasoma presha nzuri kabisa, fundi anasema mafuta hayana shida, na kesho linakuzimikia tena. Mpira huu unatoka pembeni ya boneti, geji inafungwa nje ya kioo cha mbele, naiona nikiwa kwenye usukani. Nje, narudia, nje! Petroli yenye presha haiingii ndani ya gari hata siku moja. Kaza vibano, washa, kagua kila kiungo kama kinavuja, na kizimia moto kiwe karibu.

Haya, nawasha. Sailensa imetulia, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta, mshale uko kwenye presha ya kama baa 2. Sasa nachomoa huu mpira mdogo wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Mmeona? Umepanda mpaka 2.5. Narudisha, umeshuka. Nachomoa tena, umepanda. Hapo regyuleta inafanya kazi yake. Na mpira huo ukikuta una petroli ndani, basi kiwambo cha regyuleta kimepasuka, anza na hicho. Ule mshale unavyojibu papo hapo, jamani, ndiyo maana sizipendi geji za namba. Namba zinarukaruka, jicho haliwahi kuona presha ilikuwa inaelekea wapi.

Sasa utamu wenyewe ni barabarani. Mwenzako akae pembeni yako na simu, arekodi video inayoonyesha geji na mshale wa mizunguko ya injini kwa pamoja, na sauti isikike. Kwa nini video? Kwa sababu injini ikishazima, rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha pampu, inaikatia pampu umeme, kwa hiyo presha ikishuka baadaye haikuambii kitu. Unachotafuta ni nani alianza: mshale wa geji au injini?

Kama mshale ulilegea taratibu, gari likakosa nguvu, likakohoa, ndipo likazima, nenda kwenye njia ya mafuta. Filta, chujio la ndani ya tenki, na kifuniko cha tenki kisichopumua. Fungua kifuniko wakati huohuo. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tenki lilikuwa linanyonya ombwe. Uchafu nao unaziba chujio, gari likikaa unaachia, linawaka. Ndiyo maana ya lile pumziko la pembeni ya barabara.

Kama mshale ulianguka mara moja injini bado inavuma, pampu imekosa umeme. Hapo mimi naiangalia rilei kwanza. Ifungue, weka bodi yake kwenye mwanga, tazama chini kwenye vituta vya risasi ya kulehemu vinavyoshika miguu ya rilei. Huyu hapa, msogezee kamera: ona kiduara cheusi, chembamba kama unywele, kimezunguka mguu. Huo ni ufa. Joto likipanda unaachia, likipoa unashika tena. Yeyusha upya risasi hiyo, rudisha, jaribu.

Na kama injini imekata huku presha imesimama pale pale, acha mafuta, fuata umeme wa kuwashia plagi. Mshale wa mizunguko ukidondoka hadi sifuri gari bado liko kwenye gia na linatembea, ujue saketi ya koili imekatika: swichi ya funguo, moduli ya kuwashia, au waya.

Wengi mnaniandikia, "kwa nini usichomeke skana, mashine ya kusoma hitilafu za gari?" Ndugu zangu, OBD2, mfumo wenye soketi ya kuchomeka skana, imekuwa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Haya ya L-Jetronic yalikuja kabla yake, hayana pa kuchomeka.

Kuhusu bei, geji ni nafuu kuliko pampu mpya, hapo sina neno. Kinachoniudhi ni viungo vya magari mengine kuuzwa kando. Wenye K-Jetronic hasa, ule mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kimakenika, msiinunue hii: ninyi mnahitaji geji ya presha kubwa yenye valvu, kwa sababu mnapima presha ya mfumo na presha ya kudhibiti, kila moja kivyake. Video yenu inafuata, gari limeshapatikana. Kwa L-Jetronic, mimi nasema inunueni hii. Na mkishapata ile video ya mshale, niandikieni hapo chini: nani alianza, geji au injini?