Komponenti yangu ya tangi ilivyotoka Nakuru ikafika Kisumu: uzoefu wangu na Node-RED

Mimi hufunga pampu na tangi hapa Nakuru, sana sana upande wa Lanet na Bahati, na vile maji ya mfereji huku huja na siku zake kila mtu ako na tangi na hakuna anayetaka kupanda ngazi usiku na tochi kuangalia kama imejaa. Ndio nikaingia kwa Node-RED, programu ya kuunganisha vifaa kama sensa na pampu. Ni ya bure, ilianzia IBM mwaka wa 2013, unaifungua kwa brausa pale poti 1880 na badala ya kuandika kodi (maagizo ya kompyuta) mstari kwa mstari unavuta viboksi vinaitwa nodi, unaviunganisha na waya za kuchora. Yangu inakaa kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya saizi ya mkono, na juu ya tangi kuna ESP32, kibodi kidogo chenye WiFi, na sensa ya JSN-SR04T inayopima umbali kutoka juu hadi kwa maji halafu inatuma kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe.

Kuitumia sitaongea sana, ni rahisi. Nataka kuongea ile siku nilisema wacha nifanye kazi yangu iwe komponenti moja nimpe mtu mwingine.

Hapo Node-RED wanaita sabflo. Unaseleki zile nodi zako zote, unaenda kwa menyu unasema zigeuzwe ziwe sabflo, basi, zinakuwa kiboksi kimoja upande wa kushoto pamoja na zile zingine, unakipatia jina, rangi na ikoni. Changu nikakiita TANGI. Unakivuta mara tatu una tangi tatu. Kueksporti nako ni Ctrl-E, unachagua zile umeseleki, unadaunlodi, unapata faili ya maandishi ya aina ya JSON. Ukieksporti kiboksi kimoja, vitu vyote vilivyo ndani yake vinakuja nacho. Dakika moja hivi.

Nikamtumia binamu yangu wa Kisumu hiyo faili, yuko Mamboleo na yeye pia ni fundi. Nikamwambia ni Ctrl-I tu, unaweka, umemaliza. Maringo yalikuwa mengi.

Kwanza ikakataa kustart, ikasema flo, yaani ile michoro ya nodi, zimesimama kwa sababu kuna aina ya nodi haiko. Kumbe ndani nilikuwa nimeweka nodi ya kulainisha vipimo ambayo mimi niliinstoli kando kitambo nikasahau. Faili ya JSON inabeba mchoro wako, haibebi hizo nodi za kuongeza. Akainstoli, ikastart. Halafu haipati data. Nodi ya MQTT ilikuwa ndani ya sabflo, sasa anwani ya broka yangu (seva inayopokea na kugawa hizo ujumbe) ilisafiri hadi Kisumu lakini pasiwadi ikabaki Nakuru, kwa sababu Node-RED haieksporti pasiwadi za nodi, inaziweka kando kwa faili yake. Hiyo nawapongeza kabisa, maana ningekuwa nimemtumia funguo za nyumba bila kujua. Lakini angalieni, hiyo kinga ni ya pale mahali pa pasiwadi penyewe, ukiiandika kama maneno ya kawaida ndani ya nodi ya fankshoni, ile ya kuandikia kodi yako mwenyewe, itasafiri tu vizuri.

Akaweka broka yake. Saa mbili usiku ananipigia, "Bro, tangi yangu inasema minus thelathini na sita pasenti. Sasa inadaiwa maji?"

Nilicheka mpaka nikakumbuka. Kwa kodi nilikuwa nimeandika namba za tangi yangu mwenyewe: ikiwa tupu sensa inasoma sentimita 190, ikijaa 25. Yake ni ndefu, tupu ni 250, na sensa ameiinua juu ya kipande cha paipu kwa sababu hiyo sensa haioni vizuri kitu kilicho karibu sana, chini ya sentimita 20 hivi, kwa hivyo ikijaa inasoma 45. Fanya hesabu na namba zangu: 190 toa 250 ni minus 60, gawa kwa 165 (190 toa 25), hiyo ndio minus 36. Mbaya zaidi ni upande ule mwingine. Tangi yake ikijaa pomoni hesabu yangu inatoa 88, na pampu nilikuwa nimeiambia izime ikifika 90. Haikuzima. Maji yalimwagika yakaingia kwa jikoni ya jirani na mama wa watu akatoka na mwiko mkononi. Hilo kosa ni langu asilimia mia, programu ilifanya vile niliiambia.

Dawa ilikuwa hapo hapo na sikuwa nimeigusa. Ukifungua propati za sabflo unaweza kuongeza sehemu za kujaza, mimi nikaweka TUPU, IMEJAA, WASHA na ZIMA, halafu kwa fankshoni badala ya 190 unaandika env.get("TUPU"), yaani chukua namba iliyojazwa pale TUPU. Sasa mtu akidabo-kliki kile kiboksi anaona fomu ndogo anajaza namba za kwake, hata kodi haioni. MQTT nikaitoa nje kabisa, sabflo inapokea umbali na kutoa pasenti na amri ya pampu, data inatoka wapi ni shauri yako. Ile nodi ya kulainisha nikaitupa nikaandika wastani wa vipimo vitano mwenyewe.

Kulikuwa na lingine tuliligundua alipoweka tangi ya pili. Hali ya pampu nilikuwa nimeihifadhi kwa global, kumbukumbu ya pamoja ya viboksi vyote, sasa tangi moja ikizima na ya pili inaamini imezimwa. Nikahamisha kwa context ya nodi yenyewe, kila kiboksi kikawa na kumbukumbu yake.

Sasa malalamiko yangu. Sabflo inakubali mlango mmoja tu wa kuingia, ya kutoka unaweka mingi. Mimi nilitaka mmoja wa sensa na mwingine wa swichi ya kuwasha pampu kwa mkono, ikabidi vyote vipitie hapo halafu nitofautishe kwa topic, lebo ya ujumbe. Inafanya kazi lakini inakaa vibaya. Pia nikirekebisha kitu huku, cha Kisumu hakijirekebishi. Lazima nitume faili tena, na akiimpoti anaulizwa kama anataka kubadilisha ile ya zamani ama kuweka kopi. Mara ya kwanza akachagua kopi, akawa na TANGI mbili zinafanana na zile zimeshafungwa bado zinatumia ya zamani, tukapoteza jioni nzima tukitafuta shida haiko. Tangu toleo la 1.3 unaweza kuipaki kama moduli ya npm, ghala la programu mtandaoni, mtu akainstoli na namba ya toleo kabisa, lakini kwa komponenti moja na mteja mmoja ambaye ni binamu yako naona ni kubeba jembe kwenda kuchuma sukuma.

Nyota nne. Ya tano iko kwa huo mlango wa pili. Kwa sasa TANGI iko Lanet, Bahati na Mamboleo, na yule mama jirani ameshaulizia bei ya kufungiwa yake.