Vifaa vya kuongeza joto kwenye meko ya bati: feni inalipa, mabomba ya chanja achana nayo

Nyumba nyingi zilizojengwa Marekani na Kanada kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990 zina meko yanayoonekana ya matofali, lakini ukiyagonga ndani yanalia bati. Ni boksi la chuma lililotoka kiwandani likiwa zima, likasimamishwa katikati ya mbao za ukuta. Dohani yake ni bomba la chuma lenye tabaka mbili au tatu, na hewa inayopita kati ya tabaka hizo ndiyo inayozuia mbao zilizo jirani zisishike moto. Ukiwasha kuni humo, magoti yanaungua na mgongo unaganda. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema meko ya wazi ya matofali yanaweza kunyonya hadi futi za ujazo 300 za hewa ya nyumba kwa dakika na kuirusha nje. Ya bati nayo yana ugonjwa huohuo: hewa ambayo hita yako imeshaipasha, na umeshailipia, inapanda na moshi.

Madukani kuna vifaa vya kila aina vinavyodai kutibu hali hiyo. Kabla ya kununua chochote, chukua tochi utafute kibati cha kiwandani. Huwa kimebanwa ubavuni ndani ya boksi, nyuma ya pazia la wavu, au nyuma ya gril ya chini. Kina jina la mtengenezaji na namba ya modeli, na ukiona 36 au 42 ndani ya namba hiyo, mara nyingi ni upana kwa inchi. Kibati hicho ndicho kitakachoamua mengine yote, kwa sababu boksi, bomba, milango na feni hupimwa pamoja chini ya UL 127, kiwango cha usalama cha meko ya kiwandani. Kifaa ambacho hakikutajwa kwenye kitabu cha maelekezo cha modeli yako hakikupimwa nayo, hata kama kinaingia bila kugusa. Watengenezaji wengine, kama Preway, hawapo tena, lakini vitabu vya modeli nyingi za zamani bado vinapatikana mtandaoni.

Feni ya boksi lenyewe ndiyo tunayoipa alama ya juu, kwa sharti moja: meko yako yawe na matundu ya hewa chini na juu ya mdomo. Matundu hayo yana maana kwamba kuna njia ya hewa inayozunguka nyuma na juu ya boksi bila kukutana na moshi. Hewa ya chumba huingia chini na kutoka juu ikiwa moto. Bila feni inajikokota, na feni ya futi za ujazo 100 hadi 200 kwa dakika inabadilisha hali ya chumba kweli. Bei yake kwa kawaida haizidi dola mia tatu.

Kuifunga si kazi ngumu. Kata umeme kwenye swichi kuu, toa gril ya chini, kisha tafuta kiboksi cha umeme upande wa kulia au kushoto. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mjenzi aliweka kiboksi lakini hakuleta waya, na kuuleta ni kazi ya fundi umeme. Usipitishe waya wa kurefushia humo. Fyonza vumbi na manyoya ya paka yaliyojikusanya kwa miaka, kisha ingiza feni na uhakikishe inakaa juu ya miguu yake ya mpira. Chuma kikigusa chuma itanguruma usiku kucha. Kidude cha themostati, kinachowasha feni kikipata joto, lazima kishikamane na bati la boksi. Kikining'inia hakitapata joto, na feni haitawaka kamwe. Kikiwa sawasawa, tarajia nusu saa hivi ya moto mzuri kabla feni haijaanza yenyewe, kwa hiyo usiirudishe dukani dakika ya kumi.

Feni ikianza kusukuma harufu ya moshi chumbani, zima na usiwashe kuni tena. Huenda bati limetoboka, na njia ya hewa imekutana na ya moshi.

Kama uso wa meko yako ni wazi bila matundu, feni haina pa kukaa. Usitoboe. Na kama aliyekuwa na nyumba kabla yako alipamba uso kwa vigae akafunika matundu, au akashindilia sufi ya kuzuia baridi kuzunguka boksi, amezuia hewa ya kupooza. Hilo lirekebishwe kabla ya moto mwingine.

Milango ya kioo inauzwa kama kifaa cha joto, nasi hatukubali. Kioo kilichofungwa huzuia sehemu kubwa ya joto la miali, ambalo ndilo joto pekee la maana kutoka meko ya wazi. Faida yake iko usiku, makaa yanapokufa taratibu na huwezi bado kufunga kifuniko cha dohani. Hapo milango inazuia hewa ya nyumba isitoroke hadi asubuhi. Nunua iliyotajwa kwa modeli yako tu, maana ya jumla inaweza kuziba matundu. Vitabu vingi vinataka milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu wazi, miali inakusanyika upande mmoja na kioo kinaweza kupasuka.

Chanja ya kuwekea kuni yenye mabomba yaliyopinda kama herufi C, na kifeni kinachopuliza hewa ndani yake, inavutia kwa bei na kwa video za matangazo. Mabomba yanakaa katikati ya makaa. Chuma chembamba huliwa na moto, na kikitoboka kifeni kinapuliza moshi na kaboni monoksidi hadi kwenye kochi lako. Kwenye boksi la bati ambalo kitabu chake hakiitaji chanja hiyo, jibu letu ni hapana.

Bamba zito la chuma cha kuegemeza nyuma ya moto ni zuri kwa meko ya matofali halisi. Kwenye bati linabadilisha joto linalofika kwenye vibamba vya nyuma, vile vya kuhimili moto vinavyokinga bati kwa ndani, na nafasi ya moto wenyewe. Afadhali pesa hiyo uitumie kuchunguza vibamba hivyo. Ufa mwembamba kama unywele hauna neno. Ukifika robo inchi, au kipande kikidondoka, badilisha kwa kibamba cha modeli hiyohiyo.

Kipimo cha unyevu wa kuni kinakupa joto zaidi kuliko nusu ya vitu vilivyotajwa hapo juu. Pasua gogo, choma pini zake kwenye uso mpya wa ndani, kufuata nyuzi. Zaidi ya asilimia 20, moto unatumia nguvu kuchemsha maji na dohani inapata masizi. Mwaloni uliopasuliwa unaweza kudai miaka miwili kukauka. Angalia pia kishikizo kidogo cha kufungulia hewa ya nje, mara nyingi ubavuni mwa mdomo. Kama bomba lake limeunganishwa, fungua unapowasha, funga moto ukishakufa kabisa.

Anayetaka meko yapashe nyumba kweli atafika kwenye jiko la kupachika, lile la chuma lenye kioo linaloingizwa ndani ya boksi. Linachoma kwa hewa kidogo, na majiko mapya tangu 2020 yanabanwa na EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwenye gramu 2 za moshi kwa saa, au 2.5 yakipimwa kwa kuni za kawaida. Lakini vitabu viwili vikubali: cha boksi na cha jiko. Vya boksi vingi vinakataa. Vikikubali, bomba jipya la chuma kisichoshika kutu, mara nyingi la inchi 6, lipande hadi kileleni, njia za hewa za dohani ya zamani zibaki wazi, boksi lisikatwe. Pima upana wa mbele, upana wa nyuma, kimo na kina, maana boksi hubana kuelekea nyuma na jiko linalotosha mdomoni linaweza kugoma ndani. Gharama na ufundi ni elfu kadhaa za dola.

Kitabu kikikataa, kinachobaki ni kung'oa boksi na bomba lote, kwa kuwa bomba la kampuni moja haliungwi na boksi la nyingine, na hapo ukuta utafunguliwa. Kwa vyovyote, NFPA 211, kiwango cha Marekani cha usalama wa dohani, kinataka dohani ikaguliwe kila mwaka, na kubadilisha kifaa kunadai ukaguzi wa daraja la pili, ambao fundi huufanya kwa kamera ndani ya bomba. Mwambie akague pia bati la juu linalofunika kasha la dohani. Likiwa na kutu, maji yanashuka juu ya boksi. Mpangaji amwachie mwenye nyumba gharama hizi, na apate ruhusa yake kwa maandishi hata kwa feni.