Embe yenye baridi na embe tupu: nimevuta vepu zote mbili

Ukienda kununua vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ya ladha ya matunda hapa Mwanza, kabla hujauliza tunda gani, angalia kama boksi limeandikwa Ice, yaani ya baridi. Hilo neno ndilo litakaloamua kama utaipenda au utaitelekeza kwenye droo. Nasema hivyo kwa sababu nimenunua embe mbili za kampuni moja, umbo moja, nikotini ileile ya asilimia 5. Tofauti ni hiyo Ice tu.

Nilizichukua kwenye duka la vifaa vya simu mjini, upande wa Makoroboi, elfu thelathini kila moja baada ya kupatana. Kijana muuzaji alishangaa nilipotaka na ile ya kawaida. "Kaka, hiyo haitoki. Watu wote wanachukua ya baridi." Akalipangusa boksi vumbi kwa kiganja ndipo akanipa.

Embe tupu kwanza. Unapovuta unakutana na utamu mzito, kama juisi ya paketi iliyosahauliwa juani, halafu koo linakereketa. Harufu ya embe ipo, tena nzuri, ila nyuma yake unausikia ukali wa nikotini na uvuguvugu wa mvuke. Nimevuta sigara miaka mingi, ukali haunitishi. Kilichonishinda ni ule utamu, unakinai haraka.

Ile ya baridi niliifungua Kamanga, nikisubiri kivuko, jua la saa saba. Ubaridi ulianzia kwenye ncha ya ulimi, ukashuka kooni, ukatua kifuani. Embe ileile sasa ikawa nyepesi, utamu haukai mdomoni. Nikanywa maji ya chupa yaliyokuwa yamepata joto kwenye begi, yakashuka ya baridi kabisa. Kwa hali ya hewa ya huku kanda ya ziwa, naelewa kwa nini watu wanaikimbilia.

Na hapo hakuna kilichopozwa. Mvuke unatoka na joto lake vilevile. Mwilini kuna vipokezi vya baridi, wanasayansi wanaviita TRPM8, na mentholi, ile kemikali ya mnanaa, huviamsha navyo vikapeleka ubongoni habari ya baridi ambayo haipo. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 2002, na David Julius, mmoja wa waliokigundua, alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kazi ya namna mwili unavyohisi joto na baridi. Shida ya mentholi ni kwamba inakuja na harufu yake, unavuta embe unasikia dawa ya kuchua. Kwa hiyo watengenezaji wana vitu vingine kama WS-23, vinavyotoa ubaridi bila harufu ya mnanaa. Hizo herufi WS ni za Wilkinson Sword, walewale wa nyembe, ambao watafiti wao walivitengeneza miaka ya 1970. Kwenye boksi langu hakuna jina la kitu hicho. Imeandikwa nikotini, gliserini, propilini glaikoli, na "ladha", basi.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Shemeji yangu, mtu mzima asiyevuta chochote, aling'ang'ania aonje. Embe tupu ilimkohoza mpaka machozi. Akapokea ya baridi, akavuta bila hata kuguna, akaniuliza, "Mbona hii haina kitu?" Ina kitu, tena kilekile. Muda si mrefu akaomba kiti, kichwa kinazunguka.

Mimi mwenyewe ya baridi naivuta bila kujua nimevuta kiasi gani. Ile ya kawaida koo linaniambia imetosha, naiweka mfukoni. Hii haisemi. Majaribio yaliyofanywa Marekani, watu wakipewa vimiminika vyenye WS-23 na visivyo nayo, yalionyesha hivyohivyo: vyenye ubaridi viliwapendeza zaidi na waliviona laini kooni. Ndiyo maana California, ambako vepu zenye ladha haziruhusiwi kuuzwa madukani, sheria yao tangu 2025 inahesabu hata hisia ya ubaridi kuwa ladha, kwa hiyo kampuni haiwezi kuondoa mnanaa, ikabakiza baridi, kisha ikadai bidhaa haina ladha.

Betri zote mbili hazina neno, chaji inakaa. Ya baridi ilianza kutoa ladha ya kuungua ilipokaribia kuisha, nadhani kwa jinsi nilivyokuwa naivuta mfululizo.

Kwa raha, ya baridi inashinda, wala si kwa karibu. Kwa aliyeacha sigara na anataka kupunguza nikotini, achukue ile ya kawaida hata kama inakinai. Kwa asiyevuta, zote mbili aziache palepale dukani, hasa hii inayoshuka kirahisi. Asilimia 5 ni miligramu 50 kwa mililita, wakati Umoja wa Ulaya mwisho wao ni 20. Nimezunguka mjini nikitafuta ya baridi ya asilimia 2, sijaipata. Mwenye kujua inakouzwa aniambie, na bei yake.